Wageni wa Kutazama Ukuta

Mama alimkamata Nilay mkono na kuanza kumsugua viganja kwa ndimu, kwa nguvu, kama sufuria iliyoungua.

"Mama, wanakuja kutazama ukuta, siyo mikono yangu."

"Watatazama vyote. Geuza huku."

Nilay akacheka, akageuza. Leo angekubali hata kusuguliwa masikio. Miezi miwili nyuma alikuwa ametuma picha za ukuta wake kwenye maonyesho makubwa ya Ahmedabad, halafu juzi Ijumaa mama akapokea simu na kumwambia, "Watu wa Ahmedabad wanakuja Jumapili kutazama." Nilay aliruka kwa furaha, hata hakuuliza zaidi. Wakimkataa, basi tena. Alishamwahidi mjomba wake kwamba sanaa ikishindikana safari hii, ataenda kuuza vigae dukani kwake Bhuj, na mjomba si mtu wa kusahau ahadi.

Ukuta wenyewe ulisimama uani, mrefu kushinda mtu. Aliujenga kwa mikate ya samadi ya ng'ombe, ileile ambayo mama huibandika ikauke awashie jiko, kila mmoja na alama ya vidole vya aliyeubandika. Aliifunga kwa kamba za vitanda vikuukuu, na katikati akapachika vipande vya vioo. Ukipita mbele yake unajiona nusunusu.

Wageni walikuwa watatu: Pravinbhai mwenye kitambi, mama yake mzee, na binti yake Hetal, msichana mwenye macho ya mtu asiyedanganyika kirahisi. Nilay alishangaa kidogo kuona mtu anakuja kazini na familia. Lakini kwao hata jino likikuuma, ukoo mzima unakusindikiza hospitali.

Bibi huyo alikula dhokla tatu, vile vitafunwa laini vya unga wa dengu, kisha akauliza kama Nilay anakunywa pombe.

"Hapana, Bibi."

"Wasanii wengi wanakunywa."

"Mimi nakunywa chai tu. Ila nyingi."

Pravinbhai akakohoa kidogo. "Hetal aende akaone huko uani. Sisi tuendelee na chai."

Kumbe mtaalamu ni huyu, Nilay akawaza. Alimpeleka uani.

Hetal aliuzunguka ukuta mara mbili. "Mvua ikinyesha?"

"Unayeyuka. Naujenga tena."

"Huchoki?"

"Nachoka. Nalala, naamka."

Akainama. "Alama hii siyo ya mama yako. Vidole virefu."

"Hiyo yangu. Mgongo ukimuuma, nabandika mimi."

"Mwanamume unabandika samadi? Majirani hawakucheki?"

"Wanacheka sana. Mmoja siku hizi anakuja na kiti chake kabisa."

Hetal alicheka mpaka akafuta machozi. Nilay alijisikia raha isiyo na kifani. Hakuna mtu aliyewahi kuutazama ukuta wake kwa makini namna ile, na akajikuta anatamani dada huyu asiondoke upesi.

Waliporudi ndani, Hetal alimtazama baba yake, akatikisa kichwa kidogo kukubali. Pravinbhai aliinuka na kumkumbatia Nilay mpaka akambana mbavu.

"Sisi tumeridhika. Wewe je?"

"Mimi niko tayari tangu Ijumaa."

Hapo mama akaanza kulia, machozi ya furaha, huku anamshukuru kila mungu anayemfahamu. Bibi akamtia Nilay kipande cha sukari guru mdomoni.

Nilay, angali anatafuna, akauliza lori litakuja siku gani.

"Lori la nini, mwanangu?" bibi akasema. "Kwetu bwana harusi huja na farasi."