Heshima ya Mdomo Mtupu

Siku hizo watu waliamkiana kwa kunusana midomo. Mdomo uliochacha kwa mfungo wa siku nyingi ndio uliokuwa heshima ya mtu, na wazee peke yao ndio walioachiwa kula.

Bibi Sikujua alimnusa mjukuu wake, Tunu, akarudisha kichwa nyuma. Lo, uvundo gani huu! Kama papai lililoozea kapuni. Wanene wa mtaani walikuwa na akiba yao ya mafuta mwilini. Tunu, mkimbiaji mwembamba kama ufito, alikuwa na nini? Miguu iliyoshinda mbio sasa ilitetemeka kwa kushuka kitandani tu.

"Kitendawili!" Bibi akasema, huku akikoroga uji.

"Tega, Bibi."

"Nyumba yangu imeishiwa kuni, sasa inachoma nguzo zake."

Tunu akafikiri, akachoka. "Basi, nakupa mji."

"Mji wako sitaki. Nyumba ni wewe, mwanangu. Unajila nyama mwenyewe. Hebu fungua mdomo."

Akaonja uji kwanza, kama alivyomfanyia utotoni, kisha akamsogezea kijiko. Tunu akaziba pua, akageukia ukutani.

"Usinisogelee, Bibi. Unanuka chakula."