Nanasi la Alfajiri

Ting!

Bibi alifungua macho. Nje bado giza, na jikoni ile mashine ya kuokea kwa hewa ya moto ilikuwa imelia. Nyumba nzima waliiita Bi Kelele, maana haikujua kufanya kazi yake kimyakimya.

"Mama, umeamka?" Ilikuwa sauti ya mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. "Njoo. Leo unapika wewe."

Bibi alijikokota hadi jikoni. Tangu meno yake yaishe, binti huyu alikuwa akiamka mapema kabla ya kwenda kazini, anamwokea nanasi mpaka linalainika, apate kitu cha moto cha kula kabla ya dawa. Hakuwahi kumwachia hata kisu. Leo anampikisha. Kulikoni?

Lakini bibi alijua. Wiki iliyopita alisahau gesi ikiwaka chini ya sufuria tupu, moshi ukaenda kuwaamsha majirani. Tangu siku ile mwanawe hamtazami usoni. Akiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika. Na yule jirani wa ghorofa ya juu alimpeleka mama yake mzazi kwenye nyumba ya wazee kwa sababu ya kuangusha birika tu.

"Imeshapata moto," mkwewe alisema. "Kata vipande vinene kama kidole. Toa kile kigumu cha katikati."

"Mwanangu, mikono hii inatetemeka."

"Iache itetemeke. Nanasi halina miguu ya kukimbilia."

Walicheka kidogo. Bibi akavipaka vipande siagi iliyoyeyuka, akanyunyiza sukari ya kahawia na mdalasini, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Kisha akavirundika kwenye kapu la mashine. Mkwewe akavitenganisha kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

"Visibebane, mama. Vikibebana vinachemka tu, sukari haishiki rangi. Haya, bonyeza hapa. Digrii mia moja na themanini. Bonyeza mwenyewe."

Bibi akabonyeza. Mashine ikaanza kuvuma.

"Uzuri wake haina moto wa kusahau ukiwaka. Muda ukiisha inajizima." Mkwewe aliifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Ni yako sasa."

"Yangu?"

"Yako kabisa."

Kumbe huko kwenye nyumba ya wazee wanaruhusu watu kupika, bibi akawaza. Akatazama pembeni asionekane macho. Kwenye kamba ya barazani zilianikwa shati za mwanawe na magauni yake yeye, yamenyooshwa vizuri. Nguo ya mkwewe hata moja haikuwapo. Hata kufua, binti huyu anaanza na sisi, bibi alijisemea, na uchungu ukamzidi. Atampata wapi mwingine kama huyu?

"Geuza sasa, mama! Geuza!"

Bibi alivuta kapu. Mvuke ukampiga usoni, na harufu ya sukari iliyoungua ikajaa jikoni. Alikuwa amechelewa. Kipande kimoja kilikuwa kimekauka na kuwa cheusi pembeni.

"Hicho mpe mwanao," mkwewe alitania, na kicheko chake kikaishia njiani.

Sebuleni mwanawe alikuwa akikoroma kwenye kochi. Alihamia hapo muda sasa, eti godoro la chumbani linamuumiza mgongo.

Vipande vilivyobaki vilitoka na rangi ya asali, sukari ikinata na kuchuruzika. Bibi akapuliza kimoja, akala. Kikayeyuka chenyewe mdomoni.

"Nimekufikia?"

"Umenipita, mama." Mkwewe aligeukia sinki akawa anasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa. "Dawa ya asubuhi iko kwenye kikopo chekundu. Ya jioni, cheupe. Usichanganye. Na usinywe tumbo likiwa tupu, hata wakikuharakisha."

Bibi alimwona mabega yakitikisika. Masikini, anatafuta pa kuanzia. Mwanangu amemtupia yeye kazi ya kuniambia. Basi akaamua kumpunguzia huo mzigo. Alikwenda chumbani, akavaa gauni lake la kutokea, akachukua furushi alilolifunga tangu jana yake, akaenda kukaa kwenye kiti karibu na mlango. Alikaa wima kabisa, ili asionekane mtu wa kuhurumiwa.

Kulipopambazuka, honi ikalia nje. Dereva wa teksi akagonga mlango.

"Nimekuja kuchukua abiria. Mzigo uko wapi?"

"Huu hapa, baba." Bibi aliinuka na furushi lake, kisha akapaza sauti isikike hadi chumbani alikokuwa mkwewe. "Usihangaike kunieleza, mwanangu. Najua kitambo. Sina kinyongo na mtu. Umenilea kuliko niliyemzaa."

Kochi la sebuleni lililia, kisha likanyamaza. Hakuna aliyetoka huko.

Mkwewe alitokea chumbani amevaa koti, anakokota sanduku kubwa lililojaa hadi zipu haifungi. Alipomwona bibi amesimama vile, akaliachia likaanguka. Akapiga magoti, akamtoa furushi mikononi, akalirudisha juu ya kiti.

"Wewe huendi popote, mama," alisema. "Aliyepewa talaka ni mimi. Uje unitembelee. Na ukija mara moja, uje tena."