Mstari Mwekundu Sokoni

Dakta Mwanamvua alichora mstari mwekundu kwenye ukuta wa soko, usawa wa bega, kuonyesha mto utakapofika mvua zikikolea. Miaka yote amewahubiria watu habari za joto la dunia, wakampigia makofi, kisha wakarudi zao kulala bondeni.

Safari hii hakuwahi hata kufungua mdomo.

"Jamani, tumewekewa alama!" alipiga yowe Bi Sikujua, muuza vitumbua, akaanza kung'oa mabati ya kibanda chake. Katika mji ule, rangi nyekundu ukutani ilikuwa na maana moja tu: serikali inakuja kubomoa. Punde bonde zima likashika nyundo, magodoro yakapanda kilimani.

Dakta aliduwaa, brashi mkononi. Walikuwa wanahama!

Diwani akaja mbio, akamsukumia kipaza sauti. "Waambie ukweli, Dakta! Hakuna bomoabomoa, warudi makwao. Wapiga kura wangu hao!"

"Nikisema hivyo watarudi bondeni."

"Sasa wasomi nanyi mmeanza uongo?"

Dakta akakipokea kipaza sauti. Alitafuta kosa lake liko wapi, hakuliona. Alitafuta ushindi wake, nao hakuuona.

Bi Sikujua akasimama mbele yake, mabati kichwani. "Mwanangu, uliyechora ni wewe. Ni serikali, au ni ule mto wako tena? Kama ni mto, nitue mzigo."

Dakta akainua kipaza sauti. Nyuma yake rangi mbichi ilichuruzika taratibu kutoka kwenye mstari, ikishuka kuelekea miguuni pake.