Mazoezi Bila Taarifa

Siku hizi wachezaji wa ligi hawanyanyui vyuma. Klabu huikaza misuli yao kutoka ofisini, kwa nyaya nyembamba zilizopachikwa chini ya ngozi, kila siku saa kumi jioni. Mbaruku, beki wa kati, hujilaza mkekani sebuleni kwake Morogoro, na kwa dakika arobaini mwili wake hukaza na kulegea bila yeye kutaka. Wiki iliyopita mazoezi yalianza akiwa ameshika kikombe cha bati. Kilibonyea chote kiganjani.

Ndiyo maana ikikaribia saa kumi, mkewe Hidaya humchukua binti yao Tunu, wa miezi minane.

Jumanne asubuhi kocha wa viungo alipiga simu. "Mwili wako umeizoea saa ile, hauongezeki nguvu tena," alisema. "Kuanzia leo tutakukaza muda wowote, bila taarifa."

"Nina mtoto mdogo nyumbani, kocha."

"Wenzako pia wana watoto, Mbaruku. Na mkataba ulisaini."

Hidaya alisikia yote. Alimtoa Tunu mapajani mwa baba yake, akamweka upande wa pili wa chumba.

"Nipe nimshike kidogo tu, mama Tunu," Mbaruku alisema. "Sasa hivi niko sawa."

"Najua uko sawa," alijibu Hidaya, lakini hakumpa.

Tunu akaanza kutambaa kumwendea baba yake. Mbaruku alificha mikono mgongoni, akarudi nyuma hadi ukutani. Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka na kuongeza mwendo.