Ukurasa wa Kwanza wa Nesta Nzunda

"Andika kwamba aliunguza ugali," Yesaya alisema.

Lucky aliacha kubonyeza. "Kaka, tunampandisha dada yako au tunamchongea?"

"Andika. Sherehe ya mjomba. Aliunguza, akawaambia wageni hivyo ndivyo wanavyopika Wazambia. Wakala wote, wakaomba na nyongeza."

Lucky akaandika huku akicheka. Kwenye duka lake la steshenari, hatua chache kutoka mpaka wa Tunduma, alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti na kutengeneza tovuti. Kibao cha mlangoni kilimwita mtaalamu wa kimataifa, kwa sababu wateja wake wawili walitokea Nakonde, Zambia, upande wa pili wa barabara.

Ila kazi ya Yesaya haikuwa ya kuchekesha. Nesta alikuwa amefariki, mwezi wa pili sasa. Lori alilopanda liliungua kabla ya kufika Kapiri, ndani ya Zambia, abiria wakazikwa hukohuko. Gazeti moja la mtandaoni likatoa majina, na dereva mmoja akamtumia Yesaya linki. Hivyo ndivyo alivyoupata msiba wa dada yake. Hakumwambia mtu ila Lucky. Mama yao alikuwa kijijini Hasamba, na presha yake, na tangu mavuno ya kahawa alikuwa na simu janja. Siku ambayo angetafuta jina la binti yake, habari ile ndiyo ingekuwa ya kwanza.

Waliwaandikia wenye gazeti waifute. Kimya. Ikabaki kuisukuma chini kwenye matokeo ya utafutaji.

"Ukurasa wa kwanza una nafasi kumi," Lucky alimweleza siku ile ya kwanza. "Ukurasa wa pili ni kama lori lililokwama kwenye foleni kule Mpemba. Lipo, ila hapa mpakani nani analijua? Sasa sisi tunaandika kumi za kwetu, tunazitawanya kwenye tovuti mbalimbali. Ziwe ndefu, ziwe za kweli, jina lake liwemo. Halafu tunaomba tovuti za watu zitutaje. Kila linki ni dereva mmoja anayekupisha."

Basi kila alasiri Yesaya alitoka kwenye mizigo ya forodha na kumbukumbu moja mkononi. Nesta golikipa wa netiboli aliyefunga goli lake mwenyewe. Nesta wa kwaya, sauti kama honi ya basi, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Nesta aliyemfundisha mbuzi kusalimia kwa kichwa. Hawakuweka jina la mwandishi.

Lucky naye alihangaikia linki. Mjomba wake mchomeleaji alikubali kumtaja Nesta kwenye tovuti yake, katikati ya mageti na nondo za madirisha.

"Na hii ya safari yake ya mwisho?" Lucky aliuliza siku moja.

"Hiyo acha." Yesaya aliangalia nje, malori yamejipanga. "Mimi ndiye niliyemwombea lifti."

Simu yake ikaita. Mama. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye mashine ya kopi.

"Mwanangu, Nesta kapiga jana kwa simu ya jirani. Anakusalimu sana. Kazi tu zimembana."

"Haya mama. Akipiga tena, mwambie namsalimu."

Akakata. Lucky akamgeukia.

"Mama anamkingia kifua," Yesaya alisema. "Nilimwambia mama kwamba Nesta kapoteza simu. Anaogopa nitamgombeza Nesta kwa kutopiga. Tangu tukiwa wadogo, Nesta akikosea, mama ndiye anayemtungia uongo."

Lucky alitafuta utani wa kumpa. Akaishia kujaza karatasi kwenye mashine.

Habari ya ajali ilianza kushuka. Ya kwanza, ya nne, ya nne tena, siku tatu haikutikisika. Halafu ya tisa. Jumatano moja asubuhi Lucky alifungua kompyuta akapiga kelele hadi muuza vocha akaja mbio. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na Nesta kumi, wote wakicheka, wakiimba, wakiunguza ugali.

Yesaya aliusoma wote, taratibu. Akafuta macho kwa kiganja. "Sasa mama hata akitafuta," alisema.

"Hata akitafuta mpaka Krismasi." Lucky alikuwa anahesabu kitu. "Ila kaka, hapa kuna jambo. Linki nilizoomba mimi ni nne. Hizi ziko kumi na moja. Usharika wa Hasamba. Shule ya msingi. Wakulima wa kahawa. Mpaka saluni! Umewatuma wewe?"

"Mimi? Nani anajua habari hizi zaidi yako?"

Tovuti ya usharika ilikuwa na namba. Lucky akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Ofisi ya usharika, Violet anaongea."

"Dada Violet, habari za kazi. Naitwa Lucky, mimi ndiye mwenye zile kurasa za Nesta Nzunda. Nimeona mmetuwekea linki, nikasema nishukuru."

"Kumbe ni wewe! Mama yake anadhani ni mtu aliyesoma naye. Usinishukuru mimi, kaka, mshukuru yeye. Ndiye aliyezunguka na simu yake ofisi hadi ofisi akituomba. Shuleni kaenda kwa miguu, na presha ile."

Yesaya alisimama.

"Mama yake…" Lucky aliivuta simu karibu. "Kwani ajali anaijua?"

"Anaijua tangu wiki ile ile. Alitafuta jina, akaikuta. Ndiyo maana anataka ishuke." Violet akapunguza sauti. "Kuna kaka mtu yuko huko kwenu Tunduma, anaitwa Yesaya. Yeye ndiye aliyempandisha lile lori. Mama anasema huyo akijua Nesta amefariki, majuto yatamuua, yeye abaki na makaburi mawili. Kwa hiyo nakuomba sana, kama unamfahamu, usimwambie."