Bastola ya Marehemu

Kidole cha Nélida hakikufika kwenye kifyatulio. Alikuwa na miaka sabini, na tangu afiwe na mumewe alikuwa akija klabu ya shabaha pale Rosario, Argentina, na bastola ya marehemu.

Fundi wa klabu aliweka kando kibuyu chake cha chai ya majani ya mate, akamletea bastola ndogo yenye mpini mwembamba.

"Jaribu hii, mama. Mpini wa ile ulichongwa kufuata kiganja cha mzee wako."

"Na macho je, mwanangu? Karatasi ya shabaha naiona ukungu mtupu."

"Iache iwe ukungu. Vaa miwani yako ya kushonea, utazame kijiti cha kulengea tu, kile cha mwisho wa mtutu."

Akainua. Kijiti kilisimama cheusi, wazi kabisa. Mpini ulijaa kiganjani, kidole kikafika bila kunyooshwa.

Lakini hakufyatua. Aliiteremsha, akaitazama ile ya marehemu mezani, mbao ya mpini wake ikiwa imelika pale mumewe alipokuwa akiweka gumba.

"Nikuletee nyingine?" fundi akauliza.

Nélida alivua skafu yake shingoni.

"Ifunike ile ya mzee. Asinione."

Fundi akaifunika. Nélida akavuta pumzi, akafyatua.