Joto la Mama Rukia

Siku hizi hutibiwi mpaka mtu wa nyumbani kwako awe shahidi: avae bangili ya zahanati, ayahisi mwenyewe maumivu yako. Sasa mimi hedhi imekoma, joto linanipanda kifuani hadi utosini, kanga inalowa nimekaa tu. Mume wangu, Makame, nilimbembeleza mwaka mzima.

"Mama Rukia, hayo si mambo yenu wanawake?"

Juzi akakubali. Alipovaa bangili, joto langu likahamia kwake, nami nikausikia upepo wa feni kama watu wengine. Makame akapiga kelele, "Jamani, naungua!" Daktari akaja mbio, akamchoma sindano, akampepea kwa mkono wake. Alipotulia akamvua bangili, na joto likanirudia.

"Na mimi, daktari?"

Akatazama mashine. "Shahidi wako haumwi, mama. Siwezi kukuandikia dawa."

"Mimi sivai tena," akasema Makame.

Jioni majirani walijaa sebuleni kumpa pole. Niliwapitishia chai, jasho likinidondoka kwenye sinia, na mmoja akaniambia nimtunze vizuri mume wangu, maana ameteseka.

"Nitamtunza," nikasema. Nikarudi jikoni, nikafungua friji, nikaingiza kichwa.